Damu inapovuja ndani ya misuli ya tumbo: daktari anaitambuaje?

Kwa Kiswahili neno "tumbo" limebeba mizigo mingi. Aliyekula chakula kibaya anaumwa tumbo, mjamzito aliyeanza uchungu anaumwa tumbo, mwenye minyoo anaumwa tumbo, na mama aliye kwenye siku zake naye anaumwa tumbo. Wote wanaweka mkono pale pale mbele, na kazi ya kutafuta ni kitu gani hasa kinachouma wanamwachia daktari.

Kuna kitu kimoja ambacho wagonjwa wengi hawakifikirii, na hata wahudumu wa afya wakati mwingine hukisahau. Ni ukuta wenyewe wa tumbo. Kabla ya kufika kwenye utumbo, ini au kizazi kuna ngozi, mafuta na misuli, na misuli hiyo ina mishipa ya damu. Mshipa mmoja ukipasuka, damu humwagika ndani ya msuli. Mgonjwa anapata maumivu makali ya ghafla na uvimbe, ingawa hakuanguka, hakupigwa, wala hakuchotwa na pembe ya ng'ombe.

Tatizo hili si la kila siku, na ndiyo maana hukosewa. Mgonjwa mmoja hupasuliwa akidhaniwa ana kidole tumbo, kumbe kidole tumbo chenyewe hakina neno. Mwingine hurudishwa nyumbani na dawa za gesi, huku damu ikiendelea kuvuja mahali ambapo hakuna anayeiona. Huyu wa pili ndiye anayetutia hofu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni mzee, ana ugonjwa wa moyo, na anaishi mbali na hospitali.

Sehemu kubwa ya utambuzi wa tatizo hili haihitaji mashine. Inahitaji mkono wa daktari unaojua unachotafuta, pamoja na maelezo yako wewe mgonjwa, au wewe ndugu uliyemsindikiza.

Kwanza tuujue ukuta huo

Lala chali, kisha inua kichwa bila kutumia mikono. Utahisi tumbo la mbele limekaza. Kilichokaza ni misuli miwili mirefu, mmoja kulia na mmoja kushoto, inayotoka kwenye mbavu na ncha ya chini ya mfupa wa kidari hadi kwenye mfupa wa kinena. Kila msuli umevikwa utando mgumu, kama kisu kilichomo ndani ya ala. Katikati, kuanzia kidarini kupitia kitovuni hadi kinenani, ala hizi mbili zimeungana na kufanya mstari mmoja imara.

Nyuma ya kila msuli, ndani ya ala, hupita mishipa ya ateri. Mmoja hushuka kutoka kifuani na mwingine hupanda kutoka upande wa nyonga. Huu wa chini ndio wenye matata zaidi. Msuli unapojikunja na kujinyoosha, ateri hulazimika kuteleza pamoja nao, lakini matawi yake yameshikwa ndani ya nyama ya msuli. Kikohozi kikali, chafya, kutapika kwa nguvu, kujikamua chooni, kunyanyua ndoo ya maji au gunia la mahindi: mkazo mmoja wa ghafla unaweza kukwanyua tawi la mshipa.

Mahali damu inapovuja pana maana kubwa. Sehemu ya juu ala imezunguka msuli mbele na nyuma, hivyo damu hubanwa humo na mara nyingi mbano huo wenyewe husaidia kuizuia. Chini ya kitovu, kama nusu ya njia kuelekea kinenani, ala ya nyuma inakoma na kubaki tando nyembamba tu. Damu ikivuja huko inaweza kushuka hadi mbele ya kibofu cha mkojo, ikavuka upande wa pili, na ikajikusanya nyingi bila tumbo kuonekana limefura sana. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu mwilini. Lita moja na zaidi ikitoka kwa muda mfupi, mwili huanza kuelemewa.

Watu gani wako hatarini

Kijana mwenye afya anaweza kukohoa wiki nzima na asipasuke mshipa. Wanaopatwa ni zaidi wazee, na wanawake kuliko wanaume kwa kuwa misuli yao ya tumbo huwa myembamba. Wajawazito pia wamo, maana misuli yao imevutwa. Wamo wenye ugonjwa wa figo, na wenye presha ya muda mrefu. Lakini kundi linaloongoza ni la wale wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, ambazo wengi huziita dawa za kulainisha damu.

Dawa hizi zipo za aina kadhaa. Ipo heparini, ambayo ni sindano, na mara nyingi huchomwa chini ya ngozi ya tumbo. Ikichomwa kwa kina kirefu ikafika kwenye msuli, inaweza yenyewe kuanzisha damu kuvuja. Ipo wafarini, ambayo ni kidonge, na kwenye pakiti huandikwa Warfarin. Vipo pia vidonge vipya zaidi ambavyo havihitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Huku kwetu Afrika Mashariki wafarini haitumiwi na wazee peke yao. Bado tuna vijana wengi ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza na maambukizi ya koo utotoni yasiyotibiwa vizuri. Baadhi yao wamewekewa vali bandia za chuma, wengine katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, wengine nchini India. Mwenye vali ya chuma hutumia wafarini maisha yake yote. Akiiacha, damu inaweza kuganda kwenye vali na kuiziba, au bonge likarushwa hadi kwenye ubongo likamletea kiharusi. Kwa hiyo dawa hii si ya kuogopwa. Ni ya kuheshimiwa.

Wafugaji watapenda kujua ilikotoka. Miaka ya 1920, ng'ombe huko Marekani na Kanada walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa. Ikagundulika walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakiongozwa na Karl Paul Link, wakaitoa kemikali iliyokuwa ikisababisha hayo, na kutokana nayo ikatengenezwa wafarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Sumu nyingi za panya za leo bado ni ndugu wa dawa hiyo. Ndiyo maana mtoto aliyekula sumu ya panya anaweza kuonekana mzima leo, na akaanza kutokwa damu siku kadhaa baadaye.

Anayetumia wafarini hupimwa damu kwa kipimo kinachoitwa INR. Kwa mtu asiyetumia dawa hii jibu huwa karibu na 1. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya wenye vali za chuma huweza kufika 3.5. Jibu likipanda kupita hapo, damu imekuwa nyepesi kupita kiasi na hatari ya kuvuja inapanda. Hata hivyo jibu zuri si kinga kamili. Wapo waliovuja damu huku INR yao iko mahali pake.

Hapa ndipo duka la dawa la kijijini linapoingia katika habari hii. Tuseme bibi mmoja anatumia wafarini na amepata kikohozi. Anakwenda dukani, anapewa Septrin. Septrin huipa wafarini nguvu zaidi. Akiwa pia na kuhara akapewa Flagyl, nayo hufanya hivyo hivyo. Mbavu zinamuuma kwa kukohoa, anaongezewa diklofenaki au aspirini, ambazo hupunguza uwezo wa damu kujizuia na huchubua tumbo la chakula. Kikohozi chenyewe kinaendelea kuitikisa misuli usiku kucha. Kila dawa peke yake ni ya kawaida, na muuzaji hakufanya lolote la ajabu. Ila hakuna aliyemuuliza bibi anatumia dawa gani nyingine, naye hakusema. Siku ya nne au ya tano anakohoa mara moja, anasikia kitu kimekatika chini ya kitovu.

Dalili zinavyoanza

Ushahidi wa kwanza ni namna maumivu yalivyoanza. Mgonjwa wa kidole tumbo kwa kawaida husimulia maumivu yaliyoanza taratibu kuzunguka kitovu, kisha baada ya saa kadhaa yakahamia chini kulia, na hamu ya kula ikapotea. Mwenye damu kwenye msuli mara nyingi anakumbuka dakika yenyewe: "Nilipokohoa," au "Nilipogeuka kitandani." Maumivu yako upande mmoja, anaweza kuyaonyesha kwa kidole, na yanazidi akijigeuza au akijaribu kukaa.

Kisha unakuja uvimbe. Huwa mgumu, unauma ukiguswa, na umelala wima kufuata msuli, kulia au kushoto mwa mstari wa katikati. Kwa mtu mnene huenda usionekane kabisa. Kichefuchefu, kutapika na homa kidogo vinaweza kuwepo, na hivi ndivyo vinavyomfanya daktari awaze kidole tumbo, ngiri iliyojibana, uvimbe wa ovari uliojisokota, au jipu.

Watu wengi husubiri kuona ngozi imevilia damu ndipo waamini. Usisubiri. Damu iko chini, nyuma ya msuli, na huchukua siku kadhaa kufika kwenye ngozi, tena kwa wengine haifiki. Kwenye ngozi nyeusi si rahisi kuona rangi ya zambarau inayoelezwa vitabuni; utaona tu sehemu iliyozidi weusi, labda inang'aa, kuzunguka kitovu au ubavuni. Iangalie mchana kwenye mwanga wa jua, si kwa tochi ya simu.

Kipimo cha kuinua kichwa

Mwaka 1926 daktari wa upasuaji wa Philadelphia, Marekani, aitwaye Carnett, alieleza kipimo ambacho hadi leo hakigharimu hata shilingi moja.

Mgonjwa analala chali na kukunja mikono kifuani. Daktari anatafuta kwa kidole mahali panapouma zaidi, anapabonyeza, na kidole kinabaki hapo. Kisha anamwambia mgonjwa ainue kichwa na mabega kutoka kitandani, au ainue miguu yote miwili ikiwa imenyooka. Misuli ya tumbo inakaza. Swali ni moja tu: maumivu yamepungua, au yako vile vile, au yamezidi?

Yakipungua, maana yake misuli iliyokaza imekuwa ngao, na kinachouma kiko ndani zaidi, kwenye utumbo au kiungo kingine. Yasipopungua, au yakizidi, kinachouma kiko kwenye ukuta wenyewe. Hesabu yake ni sawa na ya mtu anayegonga mlango wa mbao: ukitaka kujua kama ufa uko kwenye mlango au kwenye chumba kilicho nyuma yake, ukaze mlango kwanza.

Mwaka huo huo wa 1926, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Manchester, Uingereza, aitwaye Fothergill, aliandika kuhusu damu ya kwenye ukuta wa tumbo inayodhaniwa kuwa uvimbe wa nyonga. Yeye aliushika uvimbe wenyewe. Mgonjwa akikaza tumbo, uvimbe ulio ndani kabisa hupotea mkononi kwa sababu misuli imeufunika. Uvimbe ulio ndani ya msuli hubaki unashikika, haupelekeki huku wala huku, na hauvuki mstari wa katikati, kwa kuwa ala imeuzuia. Kumbuka tu lile tulilosema juu ya sehemu ya chini: huko ala ya nyuma haipo, kwa hiyo damu nyingi inaweza kuvuka, na kanuni ya mstari wa katikati ikavunjika.

Vipimo hivi vina mipaka. Kipimo cha Carnett kinasema ukuta unauma, hakisemi kwa nini. Mshipa wa fahamu uliobanwa, msuli uliovutika, ngiri ndogo au jipu la ukuta wa tumbo vitatoa jibu lile lile. Utumbo ukiwa umetoboka na tumbo zima limechafuka, utando unaougusa ukuta kwa ndani nao unauma, na jibu linaweza kupotosha. Mtoto mdogo au mzee aliyechoka sana hawezi kufuata maelekezo. Kwa sababu hiyo hatukueleza kipimo hiki ili ukakifanye sebuleni kisha uamue kubaki nyumbani. Tumekieleza ili daktari akikuambia inua kichwa ujue anatafuta nini, na umjibu sawasawa: yamezidi, yamepungua, au yako vile vile.

Damu ya maabara na picha

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kabla ya mengine yote hupimwa ujauzito. Mimba iliyotunga nje ya kizazi hutokea mara nyingi kuliko damu ya kwenye msuli na huua haraka. Haifai kabisa daktari avutiwe na ugonjwa adimu akaacha huu.

Kisha hupimwa wingi wa damu. Hapa pana mtego. Mtu akitoka kuvuja damu, wingi wake unaweza kusomeka vizuri kwa saa za mwanzo, kwa sababu kilichobaki mwilini bado kina uzito ule ule. Ni baadaye maji ya mwili yanapoingia kwenye mishipa ndipo kipimo kinashuka. Jibu zuri la saa mbili asubuhi halitoshi kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Hurudiwa baada ya saa chache, na tofauti kati ya majibu mawili ndiyo inayozungumza. Hali kadhalika mapigo ya moyo. Anayepoteza damu moyo wake hukimbia, lakini wagonjwa wengi wa moyo na presha wanatumia dawa za kupunguza mapigo, kama vile atenololi au propranololi. Kwao mapigo yanaweza kuonekana ya kawaida huku damu inapungua.

INR hupimwa kwa kila anayetumia wafarini, pale kipimo kinapopatikana. Pia hupangwa kundi la damu mapema, maana kutafuta damu ya kuongezewa usiku katika hospitali ya wilaya si jambo la dakika tano.

Kwa picha, altrasaundi ndiyo ya kwanza, na siku hizi ipo katika vituo vingi vya afya. Inaweza kuonyesha uvimbe uliolala ndani ya msuli, mnene katikati na mwembamba kwenye ncha. Lakini mashine huona pale inapoelekezwa. Mpimaji akiambiwa tu "maumivu ya tumbo", ataweka mashine yake kuangalia kwa kina, ini, figo na kizazi, na kuupita ukuta ulio sentimita chache chini ya ngozi. Akiambiwa kwamba mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ana uvimbe na kipimo cha kuinua kichwa kimeuma, ataanza na ukuta. Tatizo jingine ni kwamba damu iliyoganda inaweza kufanana na uvimbe wa nyama, mtu akaambiwa ana saratani.

Skani ya CT ndiyo inayoona vizuri kuliko zote. Inaonyesha damu iko wapi, imefika wapi, na ikitumika dawa ya kung'arisha mishipa inaweza kuonyesha kama bado inavuja. Tangu mwaka 1996 madaktari wana mgawanyo wa makundi matatu unaotokana na picha hizo. La kwanza ni damu iliyobaki ndani ya msuli mmoja, na mgonjwa huyu mara nyingi hahitaji hata kulazwa muda mrefu. La pili ni damu iliyopata njia kati ya msuli na utando wake, na inaweza kuvuka upande wa pili. La tatu ni damu iliyoshuka mbele ya kibofu au kuingia ndani ya tumbo, na hapo maisha yako hatarini. Mashine hii iko zaidi kwenye hospitali kubwa za mijini. Mgonjwa ambaye presha yake inashuka hapaswi kufungwa safari ndefu kwa ajili ya picha kabla hajawekewa maji na damu. Picha inaweza kusubiri, yeye hawezi.

Maneno ya kusema ukifika

Kama ungekumbuka jambo moja tu katika makala hii, tungependa liwe hili. Ukifika kwa daktari, au hata kwenye duka la dawa kwa shida nyingine yoyote, sema mapema: "Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda." Kisha toa kadi ya kliniki yenye majibu ya INR, na pakiti za dawa zote, pamoja na za miti shamba na zile ulizonunua wiki hii. Usiseme "dawa za moyo", maana dawa za moyo ni nyingi. Wanaoishi na mzee anayetumia wafarini wapige picha ya pakiti na kadi na kuihifadhi kwenye simu zao, ili hata akizidiwa hawezi kuongea, mjukuu aweze kuonyesha.

Mengine ya kusema ni saa maumivu yalipoanza, alikuwa anafanya nini, na uvimbe umekua kiasi gani tangu hapo. Unaweza kuuzungushia mstari wa kalamu kwenye ngozi. Ukivuka mstari njiani, daktari ataona kwa macho.

Wakati wa kusubiri usafiri, mgonjwa alale. Usikande uvimbe kwa maji ya moto, usiuchue kwa mafuta, na asichanjwe wala kuumikwa. Mambo haya huongeza damu kuvuja. Asichomwe sindano ya diklofenaki. Kwa anayetumia wafarini hata sindano ya takoni inaweza kuacha bonge jingine la damu. Panadol inaweza kutuliza kwa kipimo cha kawaida. Kuhusu dozi ya wafarini ya jioni hiyo, aamue daktari, na kama kliniki yake ya moyo ina namba ya simu, pigeni mkiwa njiani.

Akiwa na kizunguzungu akisimama, jasho la baridi, viganja vyeupe, kiu kali, mkojo kupungua au akianza kuchanganyikiwa, hiyo si safari ya kesho asubuhi. Mjamzito mwenye maumivu ya ghafla ya tumbo naye aende saa hiyo hiyo, hata kama ana hakika ni msuli. Kondo la nyuma likiachia kabla ya wakati huuma hivyo hivyo, na kutofautisha ni kazi ya hospitali.

Baada ya kutambuliwa

Wengi hupona bila kisu. Dawa ya kuzuia damu kuganda husimamishwa kwa muda, anayetumia wafarini hupewa vitamini K na ikibidi damu au maji ya damu yaitwayo plazima, naye hupumzishwa huku akipimwa mara kwa mara. Kikohozi au kufunga choo kilichoanzisha yote nacho hutibiwa. Upasuaji huachwa kwa wachache ambao damu yao haikomi, kwa sababu kuufungua uvimbe huondoa lile bano lililokuwa likisaidia kuzuia damu. Katika hospitali kubwa chache wataalamu wanaweza kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuuziba kutoka ndani.

Uvimbe hautoweki mara moja. Mwili huunyonya kwa wiki kadhaa, na mkubwa huweza kuchukua miezi, kwa hiyo mgonjwa asishtuke akiruhusiwa na bado anaushika. Kinachohitaji uangalifu ni dawa. Mwenye vali ya chuma hawezi kukaa bila wafarini kwa muda mrefu, na kuianza mapema mno ni kurudisha damu kuvuja. Siku ya kuanza tena huamuliwa na daktari kwa kila mgonjwa. Kabla ya kutoka wodini hakikisha siku hiyo, kiasi cha dozi na tarehe ya kupima tena INR vimeandikwa kwenye kadi, na msomewe wewe na yule atakayekuwa akimpa mgonjwa dawa nyumbani.